UZI: Bosi anataka akibadilisha bei kwenye Excel databesi nayo ibadilike hapohapo. Yaliyonikuta na nilivyotoka

Stoo Kuu (#1)

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau aliuliza juzi kama inawezekana mtu akae kwenye shiti yake, abadilishe seli moja, na databesi ya mfumo ibadilike bila kufungua mfumo wenyewe. Nikasema nitaanzisha uzi maana hili nimelila kwa hasara, nikachelewa sababu ya mahesabu ya mwisho wa mwezi, mnisamehe.

Iko hivi. Kazini kwetu ni vifaa vya ujenzi, jumla na rejareja, matawi matatu, bidhaa 3,860 kwa hesabu ya leo kuanzia msumari mpaka tanki la maji. Mfumo wa kuuzia nimeutengeneza mwenyewe, MySQL (programu ya kutunzia databesi) chini, kompyuta za keshia juu. Nilimtengenezea bosi ukurasa mzuri tu wa kubadilishia bei, unatafuta bidhaa, unabonyeza, unaandika bei mpya, unasevu. Bosi wetu ni mama mtu mzima, sote tunamwita Mama, akautumia siku mbili akaniita ofisini. "Mwanangu, bati peke yake nina aina 70, kiwanda kikipandisha nibonyeze mara 70? Mimi kwenye Excel napiga fomula moja naburuta chini nimemaliza. Huu mfumo wako unanirudisha nyuma."

Na hapo alikuwa na haki, sina ubishi. Spredishiti kwa kazi ya bei haina mpinzani, unaona bidhaa zote kwa pamoja, unalinganisha geji 28 na geji 30, unazidisha asilimia 5 safu nzima. Wale wanaosema "mfundishe bosi atumie mfumo" hawajawahi kuwa na bosi.

Basi nikafanya cha haraka. Faili la Excel nikaliweka kwenye folda ya pamoja, nikaandika skripti ya Python, yaani programu ndogo inayojiendesha, kila baada ya dakika 5 inalisoma faili mstari kwa mstari, inachukua ID (namba ya bidhaa) na bei, inaipiga UPDATE (amri ya kubadilisha) kwenye databesi. Mama akafurahi kweli, akanipa na hela ya soda. Miezi miwili shwari kabisa.

Ijumaa moja saa 12 na dakika 40 jioni Mama anataka kuona bidhaa za bei kubwa ni zipi. Akachagua kolamu ya bei PEKE YAKE akapiga kupanga kubwa kwenda ndogo. Excel huwa inauliza, unataka niongeze na kolamu za pembeni au niendelee na uliyochagua tu, sasa nani anasoma yale maboksi? Akaendelea. Kolamu ya bei ikajipanga, majina na ID vikabaki palepale. Akasevu akaenda nyumbani. Ndani ya dakika 5 skripti yangu tiifu ikasambaza upuuzi ule matawi yote matatu.

Jumamosi asubuhi mteja mmoja akanunua nondo za milimita 12, vipande 40, kila kimoja kimetoka kwa 3,500 badala ya 24,000. Hapo tu ni 820,000 imeenda. Unajua tulivyogundua? Siyo kwa hiyo nondo. Tuligundua mtu alipoambiwa bawaba moja ni 38,000 akaanza kugomba dirishani. Mteja akipunjwa anapiga kelele, akipendelewa anakaa kimya anaondoka, kwa hiyo masaa mawili mazima tulikuwa tunauza kwa hasara na foleni inasonga vizuri tu, keshia mpya wala hashangai.

Nikazima skripti, nikakimbilia bekapu. Bekapu huwa inajichukua saa 6 usiku, ile ya Ijumaa ilishabeba bei mbovu tayari! Pona yangu natunza za siku 7 nyuma. Nikachukua ya Alhamisi usiku, nikaifungua pembeni kama tebo nyingine, sikurudisha databesi yote maana mauzo ya siku mbili yangepotea, nikarudisha kolamu ya bei tu:

UPDATE bidhaa b JOIN bidhaa_alhamisi z ON z.id = b.id SET b.bei = z.bei;

Zikabaki bei 11 ambazo Mama alizibadilisha kihalali Ijumaa mchana, hizo tukazirudia kwa mkono.

Nitaendelea chini na nilivyoijenga upya, wacha nile kwanza.

Mjukuu wa Seva (#2)

Pole mkuu. Lakini kosa ni lako siyo la Mama. Skripti inayosoma faili zima na kuandika faili zima kila dakika 5 haijui nini kimebadilika. Mama anagusa bei 11, wewe unaandika 3,860.

Stoo Kuu (#3)

Ndiyo hapo ulipo ugonjwa wote mkuu, umenipunguzia maneno.

kolamu_B (#4)

Mimi nafanya na Google Sheets, kuna ile triga (kishtushi) ya onEdit, mtu akigusa seli moja inashtuka inakuambia seli gani, ilikuwa nini na imekuwa nini. Unatuma hiyo moja tu. Tatizo limeisha, mbona mnajitesa?

Stoo Kuu (#5)

Nilipita hapo pia ndugu yangu, kabla hujafurahi jaribu haya. Kopi bei 200 kutoka shiti nyingine upesti kwa mkupuo. Triga inashtuka MARA MOJA, na ile "ilikuwa nini" na "imekuwa nini" havipo, unapewa eneo tu, uende ukasome mwenyewe. Ya zamani imeshapotea.

Halafu weka bei inayotokana na fomula, mfano bei ya kuuzia ni bei ya kununulia mara 1.2. Mtu akibadilisha ya kununulia, onEdit inaona seli ya kununulia tu, ile ya kuuzia iliyojibadilisha kwa fomula haioni. Futa mstari mzima, onEdit kimya, mpaka utumie triga nyingine ya onChange na hiyo nayo inakwambia mstari umefutwa bila kusema upi. Na ile onEdit ya kawaida hairuhusiwi kugusa huduma inayohitaji idhini, kwa hiyo hata kufika kwenye databesi yako lazima uisajili kama triga ya kusimikwa, ile unayoiwekea idhini mwenyewe.

Na hata ikifanya kazi vizuri mimi siitaki. Mama akiandika 16,500 anaanza 1, anaenda 16, anakosea anabonyeza Enter kwenye 1650, anarudi kurekebisha. Ile sekunde 10 keshia keshauza saruji kwa 1,650. Kwenye shiti mtu anawaza huku anaandika, anajaribu, anafuta. Sasa wewe unachukua mawazo ya mtu ambayo hajamaliza kuyawaza unayapeleka kaunta.

Bibi Leja (#6)

Vijana mmenichekesha. Mimi nimestaafu uhasibu, tumeanza na vitabu vikubwa vya mkono. Tulifundishwa leja haifutwi kwa rabara na haipakwi ile rangi nyeupe. Ukikosea unapiga mstari mmoja katikati ya tarakimu, ya zamani inaendelea kusomeka, unaandika mpya juu yake, unaweka sahihi na tarehe. Mkaguzi akija anaona ilikuwa nini, imekuwa nini, nani kafanya. Hiyo Excel yenu inachofanya ni rabara. Ukiandika juu ya seli, ya chini imekufa.

Stoo Kuu (#7)

Shikamoo Bibi. Hapo ndipo nilipofika, ila ilinichukua wiki mbili, ningekufahamu mapema ingekuwa nusu saa.

Sasa nieleze jinsi ilivyo leo. Nimehamia Google Sheets ili Mama afungue hata kwenye simu. Shiti ina kolamu tano: ID, jina, BEI_SASA, BEI_MPYA, sababu. Tatu za kwanza zimefungwa, Mama hawezi kuziandika, zinajazwa na seva yangu kutoka kwenye databesi. BEI_MPYA iko tupu. Mama anajaza pale anapotaka kubadilisha tu, fomula anaweka anavyojua mwenyewe, anawaza, anafuta, hakuna kinachotoka. Akiridhika anaweka tiki kwenye kiboksi kilichoandikwa TUMA.

Seva yangu inachungulia kile kiboksi kila dakika moja. Ikikuta tiki inachukua mistari yenye BEI_MPYA peke yake, inaiweka kwenye tebo ya pembeni nimeiita maombi. Siyo bidhaa, maombi. Pale inakaguliwa: ID ipo kweli? Bei ni namba au kuna herufi O imejificha mahali pa sifuri? Iko chini ya bei ya kununulia? Imepanda au kushuka zaidi ya asilimia 30? Ikishapita ndiyo inaingia, na amri yenyewe ni hii:

UPDATE bidhaa SET bei = 16800 WHERE id = 1042 AND bei = 16500;

Angalieni hiyo AND ya mwisho, ndiyo leja ya Bibi hiyo. Simwambii databesi "weka 16,800" basi. Namwambia "kama bado ni 16,500 kama Mama alivyoiona, weka 16,800". Kama kuna mtu tawini keshaibadilisha katikati, amri inagusa mistari sifuri, na mstari ule unarudi kwa Mama umepakwa nyekundu na maandishi "bei imeshabadilika, sasa ni kadhaa". Zote zinaenda kwa mkupuo mmoja ndani ya BEGIN na COMMIT, ikigoma hata moja napiga ROLLBACK, zote zinarudi zilivyokuwa, hakuna nusu bati zimepanda nusu hazijapanda. Ya zamani, mpya, saa na aliyetuma vinaandikwa kwenye tebo ya historia ambayo hata mimi nimejinyima ruhusa ya kufuta.

nairobi254 (#8)

Stoo Kuu hii ni poa sana. Swali moja, mbona usitumie Apps Script (skripti za ndani ya Google Sheets) iongee na MySQL moja kwa moja? Si iko na JDBC, ile njia ya kuunganisha na databesi? Badala ya seva kuchungulia kila dakika.

Stoo Kuu (#9)

Ipo na inafanya kazi, lakini inabidi ufungue mlango wa databesi yako ili anwani za Google ziingie, na nenosiri likae ndani ya skripti ambayo kila mwenye haki ya kuhariri shiti anaweza kulisoma. Mimi nataka databesi yangu isifunguliwe na mtu yeyote wa nje. Seva ndiyo inatoka kwenda kuchungulia shiti, hakuna anayeingia. Dakika moja ya kusubiri Mama hajawahi kuilalamikia.

Mjukuu wa Seva (#10)

Kuna mtego kwenye hiyo UPDATE yako. MySQL kwa kawaida inahesabu mistari iliyobadilika kweli, siyo iliyopatikana. Mama akijaza BEI_MPYA sawasawa na BEI_SASA, mfano kaburuta fomula ikatoa namba ileile, utapata sifuri na utamwambia "bei imeshabadilika" wakati hakuna aliyegusa.

Stoo Kuu (#11)

Hahaha ilinikuta wiki ya kwanza, Mama alinipigia simu saa 3 usiku, "nani anabadilisha bei zangu?" Siku hizi mistari ambayo mpya ni sawa na ya sasa naitupa kabla haijafika kwenye UPDATE.

kolamu_B (#12)

Na akipanga tena kolamu moja? Sema kachagua BEI_MPYA peke yake kaipanga. ID na BEI_SASA viko sahihi, lakini bei mpya zote zimehama mistari. AND yako haitaona kitu.

Stoo Kuu (#13)

Umenipata, na nakiri hapo AND haisaidii. Kinachookoa ni vitu viwili. Kimoja ile asilimia 30, maana bei ya nondo ikiangukia kwenye bawaba inapiga kelele. Lakini bati mbili za bei karibu karibu zikibadilishana itapita. Kwa hiyo cha pili, akiweka tiki mara ya kwanza seva haiandiki chochote kwenye bidhaa, inamrudishia orodha kwenye ukurasa wa pili: jina, ilikuwa, itakuwa, tofauti. Anaisoma, anaweka tiki ya pili. Na Mama bei anazijua kwa kichwa wakuu, anasoma orodha ya mistari 70 kama mtu anasoma majina ya wanawe. Ikitokea amechoka akatiki bila kusoma, historia ipo, tunarudisha kwa dakika mbili badala ya kwenda kufukua bekapu.

Dada Msajili (#14)

Naomba niulize nje kidogo ya bei. Mimi nasajili wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ninapokea Excel kutoka kwa viongozi wa mitaa naingiza kwenye mfumo. Namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) zinakuja zimeharibika, mwishoni sifuri tupu. Viongozi wanaapa waliandika sawa.

Stoo Kuu (#15)

Dada hao hawadanganyi. Excel namba inaishika tarakimu 15 tu za maana, zinazozidi inazigeuza sifuri, na NIDA ina tarakimu 20. Mtu akiiandika bila vistari Excel inaona ni namba, inaionyesha kama 1.99E+19 na zile tano za mwisho ZIMEKUFA, hata ukipanua kolamu hazirudi. Huwezi kuziokoa kwenye faili, warudie kwenye kadi. Dawa ni kuweka kolamu iwe Text KABLA hawajaandika, ukiweka baada ya kuandika umechelewa. Wakiandika na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi nayo inapona, maana haionekani tena kama namba.

Simu ni hivyohivyo, 0712 inakuwa 712, ila hiyo angalau unaweza kuirudishia sifuri. Na misimbo ya bidhaa pia, ile yenye tarakimu 13 inayoanza na 620 ya Tanzania, ndani ya Excel iko salama lakini ukisevu CSV (faili la maandishi matupu, kolamu zimetengwa kwa koma) inaandika kile kinachoonekana kwenye skrini, ukifungua unakuta 6.2E+12 bidhaa zote zina msimbo mmoja.

nairobi254 (#16)

Tarehe nazo! Sisi tulikuwa na mashine moja imewekwa kwa mtindo wa Marekani. 3/4 ikawa Machi nne badala ya Aprili tatu, na 25/4 ikakataa ikabaki maandishi. So kwa kolamu moja uko na tarehe za kweli, tarehe za uongo na maandishi. Kwa databesi, zingine zikaingia kama 45658, hiyo ni 1 Januari 2025 vile Excel inahesabu siku. Ilituchukua wikendi mzima kusafisha.

Bibi Leja (#17)

Nami nina moja. Kijana wetu alinunua laptopu iliyotumika imetoka Ujerumani, mipangilio ya huko. Kule koma ndiyo nukta ya desimali. Akaandika 16,500 mashine ikaelewa kumi na sita na nusu. Shilingi kumi na sita na nusu! Kwa bahati ilikuwa bajeti ya harusi siyo duka.

Stoo Kuu (#18)

Bibi 😂😂 hiyo harusi tungehudhuria wote.

Ila msidhani haya ni ya sisi wadogo. Uingereza mwaka 2020 katikati ya korona, shirika lao la afya ya jamii lilikuwa linapokea majibu ya maabara kwa CSV linayapitisha kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, xls, zile zenye kikomo cha mistari 65,536. Kila mgonjwa alikuwa anakula mistari kadhaa, faili likijaa yanayobaki yanakatika kimyakimya. Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Hata faili lilipojaa hakuna boksi lililotokea kumuuliza mtu chochote. Ndiyo maana skripti yangu sasa inahesabu, ilitoka mistari mingapi kwenye shiti, imefika mingapi kwenye maombi, zikitofautiana hata kwa mmoja inasimama.

Mgeni Jijini (#19)

Mkuu mimi siyo mtu wa skripti kabisa. Nina duka moja, databesi ipo mtu alinitengenezea, naingia kwa phpMyAdmin, ule ukurasa wa kusimamia MySQL kwenye brauza. Naweza kufanyaje bila yote haya?

Stoo Kuu (#20)

Unaweza bila skripti. Toa tebo yako ya bidhaa kama CSV, hiyo nakala iweke pembeni USIIGUSE, ndiyo bekapu yako. Nyingine ibadilishe bei kwenye Excel, baki na ID. Ukirudisha, kwenye kuimpoti phpMyAdmin ina sehemu ya kutiki ili ikikuta ID ipo tayari iapdeti badala ya kukataa. Lakini usiimpoti kwenye tebo ya kweli moja kwa moja, tengeneza nakala ya tebo, impoti humo, angalia kwa macho, ukiridhika ndiyo uhamishe. Na fanya duka likiwa limefungwa, maana ukirudisha mistari mizima pamoja na kolamu ya idadi, utafuta mauzo yaliyofanyika wakati ulipokuwa unahariri. Bora CSV yako iwe na ID na bei tu.

Ukitumia dirisha jeusi la mysql iwashe na --safe-updates, inakataa UPDATE isiyo na WHERE inayotaja kii (kama ID) wala LIMIT (kikomo cha mistari). Jina lake la pili ni --i-am-a-dummy, yaani wenyewe walishatujua.

kolamu_B (#21)

Na stoki je? Mama hajataka kubadilisha idadi kwa shiti?

Stoo Kuu (#22)

Kataka mwezi uliopita, na hapo nimekataa kumpa kwa mtindo uleule. Bei inabadilishwa na mtu mmoja mara chache, idadi inabadilika kila keshia anapopiga risiti. Mama anaona saruji 50, anahesabu ghalani anakuta 70, anaandika 70, kumbe wakati anahesabu wameshauza 3. Ukiweka 70 umezaa mifuko 3 ya hewa. Ukiweka AND idadi = 50 itakataliwa kila siku maana namba haitulii.

Kwa hiyo kwenye shiti ya stoki hakuna kolamu ya kuandika "iliyopo". Kuna IMEINGIA, IMEHARIBIKA, na IMEPUNGUA_HESABU. Anaandika tofauti, +20 au −2, na inaingia kama mstari mpya kwenye tebo ya mienendo, haigusi mistari ya zamani. Iliyopo ni jumla ya mienendo yote. Kwa ile ya kuhesabu ghala tunafunga dirisha la mauzo nusu saa Jumapili.

Amenuna siku mbili. Jana kaniuliza kama atakuwa anatuma hizo namba kwa sauti WhatsApp mimi niziingize. Nimemwambia nitafikiria.

Mtaniwia radhi, kuna gari la saruji linashusha na msaidizi hayupo. Maswali wekeni nitajibu usiku.